Kitanzi cha Bluu

Lustika alifika msibani Mdandu saa nne asubuhi, peke yake, na donge la uzi wa bluu kwenye mfuko wa koti. Donge lenyewe nililijua. Ilikuwa miaka minne tangu aondoke nalo kwenye karakana yetu ya masweta Makambako, na halikuwa limepungua hata kidogo, maana yake hakuwahi kulitumia. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani chumbani kwa marehemu pamoja na wafumaji wenzangu, blanketi limetandazwa magotini mwetu, na nilipomwona anavua viatu mlangoni nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia siku simu ya msiba ilipoingia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Anayetaka kumbukumbu za mtu mwema akazitafute kwa wengine.

Mtu wa miaka ishirini na saba kuandika kumbukumbu za maisha ni kiburi, hilo nalijua, na wapo watakaoniambia nisubiri mvi. Lakini mimi nina mwaka mmoja tu wa kusimulia. Sitaanza na nilikozaliwa, wala baba alikuwa nani na mama alilima nini, kwa kuwa hao hawakuhusika na lolote. Aliyehusika ni Mama Neema, mwenye karakana, ambaye siku hiyo alikuwa amelala chumba cha pili ndani ya jeneza. Aliyehusika ni Lustika. Na aliyehusika zaidi ya wote ni mtoto wa kuchorwa, mfupi, mwenye mabuti na sura ya kununa, niliyemtengeneza kwa mkono wangu nikampa jina la Mbeta.

Blanketi nalo lieleweke mapema. Kwa Mama Neema, kila mfumaji akiajiriwa anapewa donge la uzi wa rangi yake, na kila sweta atakalofuma analitia kitanzi kimoja cha rangi hiyo kwapani upande wa kushoto, mahali ambapo mvaaji haoni. Sweta likirudi limefumuka, Mama Neema alikuwa haulizi maneno. Anainua mkono wa sweta, anachungulia kwapa, kisha anaita jina. Kijani alikuwa Mama Tuli, mkubwa wetu kwa umri. Bluu alikuwa Lustika. Mimi njano. Na mmoja wetu akifiwa, au akifa mwenyewe, tunapinda blanketi la kumfunika marehemu na kila mfumaji anatia kitanzi chake pembezoni. Ukifukuzwa kazi hakuna barua wala kelele: unakabidhiwa donge lako, basi, unajua kwapa lako halitachunguliwa tena. Tulikuwa tisa. Mfumaji mmoja tu aliwahi kukabidhiwa donge, na nilisababisha mimi.

Karakana ilikuwa Kitandililo, hukohuko Makambako, nyumba ya tofali za kuchoma yenye vyumba viwili. Upepo wa Makambako hauna adabu, unaingia bila hodi, na mbao za madirisha yale zilikuwa zimepinda kiasi kwamba pazia lilikuwa linapepea madirisha yakiwa yamefungwa. Chumba cha mbele kilikuwa na mashine mbili za kufumia, ndefu kama meza, zenye safu ya sindano na kile kichwa kinachosukumwa kulia na kushoto siku nzima. Chumba cha nyuma kilikuwa na magunia ya nyuzi na jiko la mkaa, na hapo ndipo tulipokula. Tulikula viazi. Viazi vya kuchemsha na chumvi yenye pilipili, chai ya rangi, kesho yake tena viazi. Lustika alikuwa ametoka Ludewa, kule ziwani, na kila aliposhika kiazi alikitazama kama mtu aliyeletewa mgeni ambaye hakumwalika. Mwezi ukiisha alipokea dagaa wa Nyasa kutoka kwao, anawakaanga kwenye jiko letu, nami napiga kelele kwamba masweta yatanuka. "Yatanuka chakula," alikuwa anasema, "watoto watashiba wakiwa darasani." Wenzetu wanacheka. Mimi sikucheka, lakini dagaa nilikula.

Yeye na mimi tulikuwa jozi. Sweta la maua au la maandishi hufumwa na watu wawili: mmoja anashika daftari la hesabu lenye miraba ambamo picha imejazwa mraba kwa mraba, na mwingine anashika mashine. Wa daftari anasoma: nyeusi mbili, nyekundu tisa, nyeusi moja, nyeupe nne. Wa mashine anarudia kwa sauti, anapanga nyuzi, anasukuma. Mraba mmoja ni kitanzi kimoja. Ukikosea mraba mmoja, ua linapata kidonda. Mimi nilikuwa msomaji, Lustika mkono, na kwa mwaka mzima nilisikia sauti ya yule mwanamke ikirudia maneno yangu zaidi ya nilivyosikia sauti ya mtu mwingine yeyote. Hadi leo nikiona ukuta wa vigae huwa nausoma.

Mbeta alizaliwa kwa hasira. Mwanzoni mwa mwaka alikuja mteja mmoja, mwalimu, akageuza masweta yetu akasema yanafaa wazee wa kanisa. Akaondoka bila kununua. Nikakaa jikoni na daftari, nikamchora mtoto wa kike amekunja uso, anamtazama mtu kama anayesema una shida gani. Miraba thelathini na miwili kwa upana, arobaini kwenda juu. Sweta jekundu, kofia, jicho mraba mmoja mmoja. Mdomo miraba mitatu iliyonyooka, kwa sababu hakuwa na sababu ya kucheka. Kiunoni nikamning'iniza mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachofungwa kwenye mwanzi uliokatwa ncha ili ulanzi, pombe ya mianzi, udondokee humo, na jina likatoka hapo. Lustika akaja kuchungulia begani, mdomo umejaa kiazi, akasema, "Huyu miguu wazi, baridi ya kwenu itamuua. Mvalishe mabuti." Nikamvalisha mabuti. Kwa hiyo mabuti ni ya Lustika. Miaka yote hii nimesema Mbeta nilimtengeneza peke yangu, na mabuti nilikuwa siyataji.

Baadaye nikamhamishia kwenye simu, kwenye programu ya kuchorea kwa pikseli, ambayo ni miraba ileile ila inawaka. Huko nikamfundisha kutembea. Picha nane za hatua moja, mguu unainuka, buti linakunjika, mbeta inayumba kiunoni. Wiki mbili nilihangaika na lile buti la kushoto lililokuwa linaonekana kama limevunjika. Jioni moja likakubali. Nikawaonyesha wote, na Mama Neema akavaa miwani akamtazama Mbeta akitembea kwenye kioo cha simu, akarudia kumtazama, kisha akasema polepole, "Huyu ana gubu kama wewe, Faraja." Kwa Mama Neema hiyo ilikuwa sifa. Akafumwa sweta la sampuli, mimi nikisoma, Lustika akisukuma, na kwapani kikakaa kitanzi cha bluu kama ilivyo sheria, maana alama ni ya anayefuma, si ya anayesoma. Mwenye duka mmoja wa Njombe mjini alipoliona akataka masweta ya watoto yenye Mbeta, mengi, yawe tayari kabla ya baridi ya Juni. Mama Neema alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile nilimsikia chumba cha nyuma anamwambia Mama Tuli, "Miaka yote tumefuma masweta ya shule za watu. Safari hii wataulizia la kwetu kwa jina."

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Mtu mmoja aliyekuja kuchukua sare alimwona Mbeta kwenye simu yangu akaniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba siku hizi ukitupia mchoro mtandaoni akili mnemba inaula, na kesho mtu yeyote akiandika maneno mawili inamchorea huyohuyo, bila jina lako, bila salamu. Nilikuwa nimeshasikia habari hizo nikadhani ni za watu wa mbali. Usiku sikulala vizuri, asubuhi nikageuka askari. Simu marufuku karibu na daftari. Daftari nikalificha kwenye ndoo ya unga. Nikafuta picha zote za Mbeta nilizokuwa nimeweka mtandaoni nikabakisha moja, ya mgongo, na hiyo nikaipiga mistari juu yake mpaka ikawa kama dirisha la gereza. Mtu akisogea nikiwa nasoma, nanyamaza. "Unamficha kama mwali," Lustika akasema. "Sisi tutamfumaje mtu tusiyeruhusiwa kumwona?" Nikamjibu afume kwa masikio. Nilikuwa nasema maneno ya hivyo mwaka ule, na niliona nina akili.

Mistari haikunitosha. Siku moja simu yenyewe, ambayo bila shaka ilikuwa inanisikiliza nikilalamika, ikaniletea tangazo lenye picha ya ngao: programu ya kuwalinda wachoraji. Unaipa picha zako, inazivika utando usioonekana kwa macho, na akili mnemba ikijaribu kuzila inaona uji tu. Bure. Jumapili baada ya ibada nikaenda karakana peke yangu, nikakaa kwenye gunia la nyuzi, nikaanza. Ikataka picha zisizopungua ishirini, za pande zote, eti ulinzi ukamilike. Nilikuwa nazo kumi na nne. Nikajazia na za sweta la sampuli, nilizokuwa nimezipiga mwenyewe ili kumtumia mwenye duka: mbele, nyuma, ndani nje, mikono chini, mikono juu. Likaja andiko refu la Kiingereza, na chini yake kitufe cha kukubali. Nikakibonyeza. Nani huwa anayasoma yale? Picha zikarudi zikiwa vilevile, nami nikaona hiyo ndiyo dalili ya ulinzi mzuri, kwamba hauonekani. Jioni ile nilikula nikashiba.

Mwezi wa sita nikapanda Njombe na mzigo wa kwanza. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, watu wa stendi wanatembea wamejifunga mashuka, na mimi nimekumbatia mabunda yangu ya masweta nikijiona mtu. Mwenye duka hakunitazama usoni. Akaniletea chai, na mtu akikuletea chai kabla hujasalimia ujue kuna jambo. Kisha akavuta kutoka chini ya meza sweta la kiwandani, jepesi, limepigwa picha kwa mashine ya kuchapisha. Kifuani alikuwa Mbeta. Sweta jekundu, kofia, mabuti. Anacheka. Walikuwa wamempa meno, safu nzima, meupe. Mbeta ya kiunoni ilikuwa imegeuka filimbi, kwa sababu aliyemchora hajawahi kuona ulanzi. Nikalitandaza juu ya meza nikaanza kuhesabu miraba ya shavu, kama mwehu, mbele ya wateja. Upande huu mitano, upande ule minne na nusu. Nusu mraba. Duniani hakuna nusu kitanzi. Ile haikuwa picha iliyohesabiwa na mtu, ilikuwa picha inayojifanya miraba.

"Wameniletea wachuuzi," mwenye duka akasema. "Hata mimi nilishangaa. Wanasema inatoka kwenye programu fulani, unaandika tu msichana wa mianzi, anakuja." Akanionyesha kwenye simu yake. Walikuja kumi. Wote Mbeta, wote wanacheka, mmoja ana vidole sita. "Sasa dada yangu, haya ya kufumwa nitamuuzia nani, wakati yale wanayapata kwa nusu ya bei?" Nilikuwa nimeinua mkono wa kushoto wa lile sweta, kwa mazoea tu, kama Mama Neema. Kwapani hapakuwa na kitu, ila pale kwenye picha ya kifuani, chini ya kwapa la Mbeta, palikuwa na doa. Dogo, limefifia pembeni, lakini la bluu.

Mtu wa kazi nyingine angelipita lile doa. Angesema ni kasoro ya rangi. Sisi tulikuwa tumefundishwa jambo moja kwa miaka: ukitaka kujua mwenye kosa, chungulia kwapa. Nilirudi Makambako na mzigo wangu wote, na njia nzima sikuwaza jambo jingine. Daftari lilikuwa na Mbeta asiye na alama. Picha zangu za simu hazikuwa na alama. Mbali na mzigo niliokuwa nao, bluu ilikuwa kwenye sweta moja tu duniani, lile la sampuli, na sweta lile lilipita mikononi mwa Lustika. Kwa hiyo amelipiga picha, ameiuza. Hesabu ikatoka bila baki.

Nilimkuta anakula. Wenzangu wote wanane walikuwa chumba cha nyuma, Mama Neema kwenye kigoda, mvuke wa viazi umejaa. Nikalitupa lile sweta la kiwandani katikati, nikainua mkono, nikawaonyesha lile doa. "Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema. Neno hilo nilikuwa nimelipanga tangu Njombe. Lustika akaweka kiazi chini, akajifuta vidole, akalisogeza sweta akalitazama kwa muda mrefu. "Kitanzi ni changu," akasema. "Rangi yangu naijua. Lakini mimi sijauza kitu, Faraja. Simu yangu haina hata kamera inayofanya kazi, na unajua." Kweli nilijua. Kioo cha kamera yake kilikuwa kimepasuka tangu Pasaka. Nikasema watu wana simu za kuazima. Nikasema wanaotoka ziwani wamezoea kuvua wasichofuga. Mama Tuli peke yake akasema, "Hilo la ziwani lirudishe mdomoni," nami sikulirudisha.

Mama Neema hakuuliza mengi. Alikuwa ameshapoteza oda, msimu na lile jina alilolitarajia, na mbele yake palikuwa na kwapa lenye doa la bluu. Akainuka, akaenda kwenye kabati la nyuzi, akarudi na donge. "Mwanangu," akamwambia Lustika, "mimi kwa kwapa huwa siulizi mara mbili." Akamkabidhi. Lustika akalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akapiga goti kidogo kama mtu aliyepewa zawadi. Mlangoni akanigeukia. Nilitegemea tusi. Akasema, "Buti la kushoto bado limepinda," akaondoka. Sahani yake ilibaki pale na nusu ya kiazi, na hakuna aliyetaka kuitoa mpaka jioni.

Desemba simu yangu ikajaa, nikakaa kitandani kufuta vitu. Nikakuta barua pepe za ile programu ya ngao, nyingi, ambazo sikuwahi kuzifungua. Nikafungua ya kwanza. Nikatafuta maneno kwenye kamusi, moja moja. Walikuwa wananishukuru. Walisema picha zangu ishirini zimepokelewa, na kwamba kwa kukubali masharti nimeruhusu zitumike kuifundisha mashine yao, ile ya kuchora. Chini walikuwa wameziorodhesha zote, ndogondogo, kama kuku bandani. Kumi na nne za Mbeta. Sita za sweta. Ya kumi na tisa ilikuwa sweta la sampuli, mikono juu, limepigwa kwenye mwanga wa dirisha la karakana, na kwapani kitanzi cha bluu kinaonekana wazi kuliko kitu kingine chochote kwenye ile picha. Nyuma yake, pembeni, kuna kidole gumba. Changu.

Nimekuwa nikiwachukia watu wa ile programu kwa miaka minne, na nitaendelea. Walivaa ngao kifuani wakaja kuiba, na wakaiba kwa kuniuliza kwa lugha wanayojua siisomi. Naichukia mashine yao iliyompa mwanangu meno. Lakini mashine haikusema neno la ziwani. Mashine haikujua hata kama Lustika yupo. Kitanzi kilisema ukweli wake wote: sweta hili limefumwa na Lustika. Hakikusema zaidi ya hapo, hakijawahi kusema zaidi ya hapo, na mimi, msomaji wa karakana nzima, nilikisoma vibaya. Kitanzi humtaja aliyefuma. Aliyelitoa sweta nje hana alama.

Hapo ningeweza kusema. Ilikuwa Desemba, miezi sita tu, Lustika yuko kwao, nauli ya Ludewa si ya kwenda Ulaya. Nikajiambia nitasema baada ya Krismasi. Kisha baada ya palizi. Kisha ikawa jambo ambalo limeshapita, na anayelifukua ndiye mwenye matatizo. Nilihamia Njombe nikafungua kibanda changu cha kufuma. Mwaka jana Mama Neema alipolazwa nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, miwani imekuwa kubwa usoni. Mama Tuli alikuwa kwenye kiti cha pembeni, ameshika chupa ya uji, anasinzia au nilidhani anasinzia. Mama Neema akanishika kifundo cha mkono akasema, "Faraja. Yule wa bluu. Una hakika?" Alikuwa ananipa nafasi. Mtu anayekaribia kuondoka huwa anatembea nyumba nzima anajaribu milango kama imefungwa. Nikasema, "Ndiyo, mama." Akaniachia mkono. Kosa la Juni lilikuwa kosa. Hilo la hospitali halina jina hilo, na ninaposema neno uongo naona bado nalipunguza.

Kwa hiyo Mdandu, saa nne asubuhi, Lustika akaingia, akasalimia wakubwa, "Kamwene," wakamwitikia kwa midomo. Akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka akatoa lile donge. Wengine walikuwa wameshatia vitanzi vyao, saba, vimepangana pembezoni mwa blanketi. Nilikuwa nimebaki mimi, sindano yenye uzi wa njano tayari vidoleni. Lustika akanyoosha mkono kuomba sindano nyingine. Mama Tuli akalisogeza donge la bluu pembeni kwa ncha ya kidole.

"Hapa wanatia waliobaki na jina," akasema.

"Nimekuja kumzika mama," Lustika akasema. "Sikuja kugombana. Kitanzi kimoja tu, mama yangu, kisha nakaa nje na wengine."

"Mwenyewe alikukabidhi donge lako. Sisi ni nani tulirudishe?"

Lustika akatikisa kichwa taratibu, kama aliyetegemea hivyo. Akaokota donge, akaanza kuinuka. Nje walikuwa wanaanza kuimba pambio, na mtu alikuwa anagonga misumari kwenye turubai. Nikaona ataondoka. Atavaa viatu mlangoni, atakaa nje juani na watu wasiomjua, blanketi litaingia chini bila yeye, na baada ya hapo hakutakuwa na blanketi jingine. Nikasema, "Ni mimi."

Hawakuelewa. Nikasema tena, kwa ukamilifu, kwamba picha za Mbeta nilizipeleka mimi kwenye ile programu, kwa mikono yangu, na sweta la sampuli nililipiga mimi na nikalipeleka mimi, na doa la bluu lilitoka hapo. Kwamba Lustika hakuuza kitu na hakuiba kitu. Sikulia. Kulia kungekuwa ni kuomba kitu. Lustika alikuwa amesimama na donge lake, haniangalii mimi, anaangalia mlango wa chumba cha pili lilipokuwa jeneza.

Mama Tuli akaniuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu Desemba ya mwaka uleule."

"Na ile siku ya hospitali alipokuuliza?"

Nikaitazama sindano vidoleni mwangu.

"Nilikuwa nimeshika chupa ya uji," Mama Tuli akasema. "Sikuwa nimelala. Nilimsikia akiuliza, na nilikusikia ukimjibu. Amekufa akiwa na jibu lako."

Mama Tuli akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja, na Lustika akakaa hapo. Akapewa sindano. Alichukua muda kupata ncha ya uzi, maana donge lilikuwa limekaa miaka bila kufunguliwa na uzi umeshikamana. Kisha akatia kitanzi chake, pembeni ya kijani, akakivuta kikakaa sawa. Mkono uleule. Akaomba mkasi, lakini aliuomba kwa mwingine, si kwangu niliyekuwa nao gotini.

Mimi nikainua sindano yangu. Nilikuwa nimeshashika ukingo wa blanketi, nimetafuta nafasi baada ya bluu, nafasi ilikuwapo. Mama Tuli akaushika ukingo huohuo akaanza kulikunja blanketi, polepole, pindo kwa pindo, mpaka likanitoka mkononi.

"Limetosha," akasema.

Mama Neema alizikwa saa nane na vitanzi vinane. Lustika alirudi Ludewa jioni ileile, hakuniaga, na sijamdai salamu. Nilipofika Njombe nilivua koti nikagusa mfuko, nikakuta donge la njano bado limo. Ninalo mpaka leo. Halijapungua.